Mashua Tuliyoiunda Kinyala

Kinyala, Tukuyu
14 Juni 1999

Mpendwa Dada Sekela,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sumbawanga, wewe na Imakulata, na kwamba walimu wenzako wamekupokea vizuri baada ya siku zote ulizokaa huku msibani. Sisi tupo. Baridi ya Juni imeshaingia, ukungu hauondoki migombani mpaka saa nne. Mama anakula kidogo, na kila akiamka anauliza kama umeandika. Esnath wangu alibanwa na kifua, akaenda hospitali ya Igogwe wakampa dawa, sasa anaendelea vizuri.

Siku ile stendi, kabla hujapanda basi, uliniomba nikuandikie yote kuhusu miezi ya mwisho ya Baba Imakulata, kwa sababu barua zake zilikuwa fupi na wewe ulikuwa mbali. Nimeanza mara nne na mara nne nimechana. Leo nitaandika mpaka mwisho.

Shemeji alipofika mwaka jana mwezi wa nane, baada ya kazi yake ya udereva huko kwenu kwisha, mimi nilikuwa na miezi mitano bila kazi. Unakumbuka kiwanda cha chai kilipopata mwenyewe mpya walisoma majina kwenye ubao, na jina langu halikuwemo kati ya wanaobaki. Miaka kumi na saba nilisimama kwenye mashine ya kukaushia majani. Nilikuwa nakaa nje ya nyumba kutwa nzima, Esnath akiniambia niende shamba ninaenda, nikifika nasimama tu na jembe.

Yeye ndiye aliyeniinua. Alinichukua tukateremka mpaka Matema, akanionyesha ziwa na vijiji vya chini ya mlima ambavyo havina barabara. Akasema huku kwetu ndizi zinaozea mgombani, na kule watu wanangoja boti ya mtu mwingine ije itakapopenda. Nikamwambia sisi hatuna boti. Akacheka, akasema basi tutaiunda. Hakuna kati yetu aliyewahi kuunda hata kiti, dada. Alikopa kamba kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza vyungu, akapima mashua ya watu iliyokuwa imevutwa mchangani, akafunga fundo kila mahali palipokuwa na kipimo. Ile kamba ndiyo ilikuwa ramani yetu.

Tulianza Septemba, nyuma ya nyumba yangu. Watu wa Kinyala walikuwa wakisimama njiani na kuuliza ni gharika ipi tumetangaziwa. Shemeji alikuwa akiwajibu kwa upole kwamba nafasi bado zipo. Tulichemsha maji kwenye pipa tukalainisha mbao kwa mvuke ili zikubali kupinda, na mbili za kwanza zilipasuka mikononi mwetu. Mataruma, yale ya kushikilia mbao kwa ndani kama mbavu, tuliyachonga kwa matawi yaliyojipinda yenyewe. Yeye alikuwa na subira. Taruma lisipokaa sawa, analitoa, analianza upya, huku akiimba nyimbo za misa polepole. Mimi sina subira, unanijua. Lakini nakuambia kweli, ile ilikuwa miezi ambayo nilikuwa nalala usingizi. Jioni tulikuwa tunakaa juu ya mbao tunakula viazi, na alikuwa akikutaja. Alisema mashua ikishatembea msimu mmoja atakuomba uhamie shule ya huku, mkae pamoja.

Mwezi wa nne tuliipaka rangi ya bluu, tukaipeleka Matema kwa lori. Mengine uliyasikia msibani: kwamba Jumamosi ile asubuhi shemeji aliondoka na jirani yetu Andongwisye wakiwa na mikungu ya ndizi, kwamba mimi nilibaki ufukweni kwa sababu ya homa, kwamba upepo uliwakuta mbele ya kijiji cha Ikombe. Andongwisye alishikilia mikungu ikamfanya aelee. Shemeji alipatikana siku ya tatu. Padri alisema ziwa ni la Mungu na upepo ni wa Mungu, na watu wote wakaitikia, na mimi nikaitikia.

Dada, kaa chini. Kama Imakulata yupo karibu, mtume mahali kwanza.

Ubao wa chini kabisa, ule unaoungana na mkuku, uti wa mgongo wa mashua, ulikuwa wa mlingoti mbichi, yaani mkaratusi. Shemeji alikataa usipigiliwe mpaka ukauke, akasema tungoje wiki tatu. Jumapili moja alikwenda misani Igogwe, nami nikaupigilia peke yangu, kwa sababu nilichoka kuchekwa na nilitaka watu wa Kinyala waone tumemaliza. Ulipasuka kutoka msumari hadi msumari, urefu wa mkono wangu. Nikajaza pamba na lami, nikapaka rangi juu kabla hajarudi. Alipouliza nilimwambia nimepata ubao mkavu kwa mtu wa Kiwira. Akanishukuru.

Ijumaa tulipoishusha majini, shemeji alikwenda sokoni kutafuta mikungu ya kuongezea. Fundi mmoja wa pale, anaitwa Lusungu, aliingia ndani ya mashua akapapasa chini kwa vidole, kisha akanitazama. Akasema, “Ndugu yangu, huu ubao utoeni. Msiende nao.” Alisema atatusaidia yeye mwenyewe, ni kazi ya siku nne tu. Nikamjibu nimesikia. Shemeji aliporudi na kuuliza yule fundi ameionaje, nikamwambia ameisifu.

Na sikuwa na homa. Hili ndilo lililonifanya nichane zile barua nne. Nililala nyumba ya wageni nikiujua ubao ule, na kulipokucha nikajifunika shuka na kusema natetemeka. Shemeji aliniwekea mkono kwenye paji la uso. Nafikiri alihisi kwamba sina joto lolote. Akaniletea chai, akaniambia nipumzike, Andongwisye atashika kasia langu. Kisha nikatoka nikasimama mchangani, nikawaangalia mpaka wakawa wadogo. Ningeweza kupiga kelele. Walikuwa bado wanasikia.

Hapakuwa na upepo wa kuzamisha mashua, dada. Andongwisye aliniambia wiki iliyopita, tukiwa wawili shambani kwake. Maji yalianza kuingia chini ya miguu yao, yeye akataka wageuze. Shemeji akawa anayateka kwa sufuria, akamtuliza, akamwambia, “Mbao zikishiba maji zitafunga zenyewe. Shemeji yangu Asajile ameikagua.” Andongwisye ananihurumia, ndiyo maana msibani alisema ni upepo; anadhani na mimi sikujua. Nilimsaidia kupalilia mpaka jua lilipokwenda, nikarudi nyumbani.

Siwezi kukuomba unisamehe, maana sijui ningekuwa naomba nini. Nimekuona ukimwaga udongo kaburini na kunishika bega ukisema nimebaki ndugu yako na baba wa mtoto wako. Tangu siku ile kanisani nasimama nje. Esnath anadhani ni huzuni, na kila mtu ananiletea pole zangu kama mfiwa, nami nazipokea.

Jumamosi hii nitakwenda Igogwe kwa ndugu zake shemeji, niwaambie kama nilivyokuandikia. Watakaloamua ni lao. Nimetaka wewe ujue kabla yao. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka nisikuone tena maisha yangu yote, usijibu, nitaelewa. Ila Mama usimwandikie, nitamwambia mwenyewe nikirudi, kama nitarudi na mdomo wa kusemea.

Esnath anakusalimu sana, hajui ninachoandika. Mama anakusalimu, anasema ujifunike vizuri na umnunulie mtoto sweta. Msalimie Imakulata kwa jina la nyumba yetu, lakini usimwambie kwamba salamu zimetoka kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Asajile