Muhuri wa Mjerumani

Gatsata, Kigali
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mimi mwanao Theopista ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi cha vumbi kimeniacha. Wewe je? Goti bado linakuuma, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Migomba ya nyuma ya jiko mmeipunguza majani? Nijibu yote, usiniambie tu "hatujambo" kama kawaida yako.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hatuongei. Unakuwa umekaa sebuleni kwa Baba mdogo Laurian, spika imewashwa, ukoo mzima unanisikiliza, na wewe unaitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka salio linaisha. Jumatano uliniambia nimwombe Baba mdogo radhi kwa kumvunjia heshima mbele ya watu. Nimefikiri siku nne. Siombi. Kaa nikueleze ilivyokuwa, maana najua uliyoambiwa wewe yametiwa chumvi hadi hayaliki.

Nilipoacha kazi ya ghala kule Masoro nikaanza kununua mashoka ya zamani kwenye vyuma chakavu, ni yeye aliyesimama kwenye kikao cha ukoo akasema nimewaaibisha, kwamba binti wa nyumba yao anaokota vyuma kama chizi. Kazi yenyewe naipenda, mama, na naijua. Likija shoka lililoliwa na kutu, kwanza naligonga kwa nyundo ndogo nisikie sauti yake. Zima linalia kama kengele, lenye ufa linakohoa. Kisha nalilaza kwenye siki kutwa nzima na kulisugua kwa brashi ya waya, polepole, maana chini ya kutu ndiko ziliko habari: jina la kiwanda, namba ya uzito, alama ya aliyelifua. Grenda, ile mashine ya kusagia chuma, siitumii. Wengine hapa wanapitisha grenda ili ling'ae haraka, chuma kinapata moto, makali yanageuka buluu na kulegea, na alama zote zinaondoka. Mimi nanoa kwa tupa. Hata kibao ninacho. Aliyekichora ameandika MASHOKA YA ZAMANI, MAKARI MAPYA. Nilipomwambia ni "makali" akanijibu, "Ndiyo, makari." Nikakiacha hivyohivyo, wateja wanasoma na wanaelewa.

Sasa wiki mbili zilizopita, nani akashuka Nyabugogo na basi la kutoka Rusumo kama si Baba mdogo mwenyewe? Amevaa koti lake la harusi, kwapani ana kitu kimefungwa kwenye kitenge. Nilipokifungua nikakuta lile shoka la Mjerumani.

Ndiyo, lile la ukutani sebuleni, ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Eti babu yao alipewa na afisa wa Kijerumani kwa ushujaa wake, na ule mviringo ubavuni ni muhuri wa serikali yao, una tai, ila umejaa kutu. Hata mimi nilijisifu nalo shuleni. Hata hapa Gatsata nimeshawasimulia watu, bila aibu. Baba mdogo alilitaka ling'ae kwa ajili ya sherehe ya ukoo ya Desemba, alinyanyue mbele ya wageni. Habari za chizi anayeokota vyuma hakuzitaja. "Mwanangu," akaniambia kwa sauti laini, "toa kutu, muhuri uonekane."

Kesho yake nikalitoa kwenye siki, yeye amekaa kwenye kigoda ananitazama. Nikasugua. Tai hakutokea. Kilichotokea ni mviringo mtupu, wa chuma chenye rangi tofauti kidogo, kama kiraka. Nikaligeuza, na upande wa pili nikaona mviringo uleule, mahali palepale. Muhuri gani unapenya mpaka ng'ambo? Nilikwishajua, mama, lakini sikutaka kuwa wa kwanza kusema.

Aliyesema ni Kayitare, fundi wa kuchomelea ninayegawana naye kibanda. Alikulia Uganda, lakini tangu arudi amezungukwa na vipuri vya magari hapa Gatsata. Aliinama akatazama, akacheka.

"Muzee, iyi si muhuri. Iyi ni tundu ya boroti, ire ya katikati ya springi. Wakaziba na ribiti, ire musumari ya chuma. Iyi shoka ni springi ya rori."

"Lori gani? Hili ni la Mjerumani. Lina umri mkubwa kuliko malori yote ya hapa."

"Oya, apana, muzee. Iko springi kabisa. Ata ukigonga, inaria kama springi."

Nami nikawa nimeshafika kwenye kisogo cha shoka. Huko niliona mshono, pale mhunzi alipokikunja chuma kutengeneza tundu la mpini na kukiunganisha kwa moto na nyundo. Kazi safi sana, sijaona nyingine kama hiyo tangu nianze. Na chini ya mshono, mikato miwili midogo ya patasi, imeinama pamoja upande mmoja. Mikato hiyo iko kwenye jembe lako. Iko kwenye kisu chako cha kumenyea ndizi. Hakuna mhunzi mwingine aliyetia alama hiyo ila babu, baba yako wewe.

Hapo nikakumbuka. Nadhani nilikuwa darasa la tatu, watu wanakula, ukasema polepole, "Shoka hilo lilikuja na mimi." Wakacheka wote, na Baba mdogo ndiye aliyecheka zaidi. Watu wa masizi, akasema, wanajua nini kuhusu shoka la serikali? Ukainuka ukaenda kuosha vyombo. Sijakusikia ukilitaja tena.

Nikamwambia, mbele ya Kayitare na wateja wawili, "Baba mdogo, shoka hili alilifua baba yake mama. Alimpa mwanawe alipoolewa kwenu." Sikupaza sauti. Na yeye, mama, hakusema kwamba si kweli. Sikiliza hapo vizuri. Alisema, "Nani mwingine anajua?" Kisha akamgeukia Kayitare, amchomelee chuma juu ya ule mviringo na kugonga tai mpya, nusu saa tu, nani atajua? Kayitare akanitazama mimi. Nikasema halichomelewi wala haligongwi kitu. Akasema mji umeniharibu, nikasema sawa. Akasema nisikanyage kwenye sherehe, nikasema nitakuja na nitakaa mbele. Ndipo akalibwaga mezani, "Basi baki na chuma chako chakavu," akaondoka bila hata kunywa chai niliyomwekea.

Huko ndiko kumvunjia heshima kwangu. Nilimwita Baba mdogo mwanzo hadi mwisho, na tusi halikunitoka. Kama kuna anayestahili kuombwa radhi katika nyumba ile, ni wewe.

Nina hasira naye, sikufichi. Lakini hata wewe nilikukasirikia, mama. Miaka yote hiyo unafagia chini ya shoka la baba yako mzazi, unasikia wakimsifu mtu mwingine kwalo, na unatabasamu na kupakua chakula. Nililia pale pale kwenye beseni la siki. Halafu nikafikiri, baba alikufa mapema, ulikuwa na sisi wanne, na nyumba ilikuwa yao. Ulinyamaza ili tupate pa kulala. Nimeelewa, na nakushukuru. Ila sasa tumekua, mama, kila mmoja ana kwake, na hakuna wa kututoa nje.

Barua hii anakuletea jirani yangu Koletha, na shoka analo pia, kwenye kitenge kilekile. Baba mdogo amelikataa mwenyewe mbele ya watu, kwa hiyo limerudi kwa mwenye nalo. Nimelinoa kwa tupa kisha kwa jiwe, mpini ni wa mkaratusi mkavu, na kile kiraka cha mviringo nimeking'arisha kuliko sehemu nyingine zote. Usilitundike ukutani. Usilifiche uvunguni, nakujua. Pasua nalo kuni uani, mchana, watu wakipita. Ukimaliza lifute na ulipake mafuta kidogo, na usimwazime mtu.

Desemba nakuja na nitakaa kando yako. Ukitaka kusema, utasema wewe. Ukishindwa, nitasema mimi.

Nisalimie kaka Deo, na pia mdogo wangu wa mwisho na watoto wake. Msalimie shangazi aliyenishonea sare zangu za shule, mwambie mikono yake bado naikumbuka. Mjomba aliyebaki na kiwanda cha uhunzi cha babu mwambie ile mivukuto ya kupulizia moto asiiuze, naihitaji. Na Baba mdogo mpe shikamoo yangu, ni haki yake na sijamnyima. Akikuuliza Mjerumani wake ameishia wapi, mwambie alikuwa baba yako.

Mwanao,
Theopista