Pedi za Breki Zilizokataa Kuingia

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Kaka Naibu,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Naomba zikukute mzima, mgongo haukusumbui tena, na lile koti ulilotutumia picha yake bado linakukaa vizuri. Sisi huku hatujambo. Mvua mwaka huu ni ya kuonjesha tu, bati la jikoni linavuja palepale, na mimi sijaolewa bado, ukitaka cha kumjibu shangazi anayekuuliza kila mkiongea.

Baba naye mzima. Anakula, analala, hana homa, presha iko mahali pake. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo swali lako la kwanza siku zote, na ukishajibiwa huwa huna la pili.

Uliniomba nikuandikie kwa kirefu jinsi mpango wako wa gari ulivyokwenda, kwa kuwa nikiwa kwenye simu baba huwa yuko karibu na masikio yake bado mazima. Basi vuta kiti. Mpango umefaulu. Gari limelala chini ya turubai, funguo ninazo mimi, na baba hajaendesha tangu mwezi wa saba. Hakuna aliyemkaripia, hakuna aliyemnyang'anya kitu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakukujua wewe.

Sikatai kwamba alipaswa kuacha. Baada ya kugonga ukuta wa jirani mara ya pili, na ile siku alipomkosakosa mama muuza mkaa aliyekuwa ameketi zake kwenye kigoda, hata mimi niliingia na hofu. Macho yake yamefanya ukungu. Mimi nilitaka tumkalishe sebuleni tumwambie, baba, macho hayafai tena kwa barabara. Angefoka, angetuita wanafiki, angesusa chakula, kisha yangekwisha. Wewe ukasema hapana, mzee atatulaani, tutumie akili. Tena ukasema gari lisiguswe wala lisiuzwe, maana ukija likizo utahitaji kitu cha kutembelea. Likizo hiyo tunaisikia tangu mama yuko hai.

Akili yako ilipata pa kuanzia kwa fundi. Fundi alikuwa amemwambia baba ukweli mtupu: pedi za breki za mbele zimekwisha, chuma kinasaga chuma, asiliondoe gari mpaka apate mpya. Ukampigia yule mwenye duka la spea mliyesoma naye, mkapatana. Baba akienda kununua pedi, auziwe zisizoingia. Akizirudisha, abadilishiwe apewe nyingine zisizoingia. Atachoka mwenyewe, ukasema, na hatakuwa na wa kumlaumu. Kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa nimekuona ukifanya tangu utoto, lakini kumpaka baba mzazi, tena kwa simu, hiyo ilikuwa mpya.

Na baba unamjua. Mtunza stoo wa hospitali mpaka anastaafu. Wauguzi wa zamani wakikutana naye njiani humtania, wakimuuliza bandeji pana zilikaa rafu gani, naye hujibu bila hata kusimama. Mtu kama huyo hakwenda dukani na karatasi. Alikwenda na kila kitu kichwani, aina ya gari, mwaka wake, namba ya chasisi yote, akamtajia mwenye duka bila kumung'unya.

Mara ya kwanza alirudi ameshika kasha jipya kwa mikono miwili, anapiga mluzi. Fundi akafungua gurudumu, akazijaribu, akatikisa kichwa. Zilikuwa ndogo, zinachezacheza. Sikufichi, kaka, nilicheka. Niliingia chumbani nikaziba mdomo kwa mto. Mzee ambaye ametukosoa sisi sote maisha yetu yote, leo kakosolewa na kipande cha chuma. Niliona umelenga kweli.

Akazirudisha. Pale juu ya kaunta wamebandika maandishi mekundu, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, na nimeona watu wakifukuzwa kama mbwa kwa kurudisha balbu tu. Baba alivutiwa kiti. Mwenye duka mwenyewe alinisimulia, huku anacheka. Alimwambia kwa upole kwamba mzee aliomba pedi za nyuma, ndiyo maana akapewa za nyuma. Baba akasema aliomba za mbele. "Hukusema hivyo, mzee wangu. Lakini si neno, lete nikubadilishie." Nani atagombana na mtu anayemfanyia hisani? Baba alishukuru, akaja na kasha la pili. Nalo fundi akalirudisha mkononi mwake.

Mara ya tatu alitaka nimsindikize. Alikuwa amemwomba fundi ampe pedi moja kuukuu iliyotoka kwenye gari, akaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfukoni. Njia nzima alikuwa mchangamfu. Alinieleza kwamba kanuni ya stoo ni moja tu, mdomo hukosea lakini kitu hakikosei, kwa hiyo leo hatasema neno, ataweka sampuli mezani basi. Mimi nilikuwa nikiitikia tu, ndiyo baba, ndiyo baba, na moyoni nikijiuliza mwenye duka atatokaje hapo.

Alitoka vizuri sana. Duka lilikuwa limejaa, mafundi wenye mikono ya grisi, mikanda ya injini inaning'inia kutoka darini mpaka inawagusa watu kichwani. Baba akafungua kitambaa, akaisukuma pedi yetu mbele. Mwenye duka akaichukua, akaingia nayo nyuma ya rafu, akakaa huko kidogo, akarudi na kasha jipya na pedi kuukuu mkononi. Akaziweka sambamba kuonyesha zinavyolingana, na zililingana kweli. Lakini ile kuukuu haikuwa yetu. Hata mimi nisiyejua gari niliona. Yetu ilikuwa imevunjika sikio moja pembeni, na hii masikio yake yote yalikuwa mazima.

Baba aliishika akaigeuza. Macho hayamsaidii, kwa hiyo alipitisha kidole gumba ukingoni, akitafuta pale palipovunjika. Akarudia upande wa pili.

"Hii siyo yangu," akasema.

"Mzee, ndiyo hiyo uliyonipa sasa hivi. Watu wote hawa wameona."

Dereva mmoja wa lori nyuma yetu akasema, "Mzee wetu, nenda kapumzike. Mambo ya spea tuachie sisi." Watu wakacheka. Hawakucheka sana, kiasi cha kusogeza foleni tu.

Baba akanigeukia. Hakuuliza kwa ile sauti yake tunayoijua. Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia.

"Mwanangu, nilileta ipi?"

Mwenye duka alikuwa ananitazama. Nilikukumbuka wewe, nikamkumbuka muuza mkaa na kigoda chake. Nikasema, "Hiyo hiyo, baba."

Akasema, "Haya."

Kaka, wewe umewahi kumsikia baba akimwambia mtu haya? Mimi sijawahi. Alikunja kitambaa chake kitupu akakirudisha mfukoni, kasha akaliacha palepale kwenye kaunta. Tulipofika nyumbani alinipa funguo za gari kabla sijavua viatu.

Ndipo nikatoka nje kukupigia. Ulicheka ukasema, unaona, bila hata ugomvi. Kisha ukaniuliza kama turubai linafunika mpaka matairi. Linafunika, kaka.

Yaliyofuata hukuuliza, nayo ndiyo hasa yaliyonikalisha na kalamu. Mtu akishaambiwa na mwanawe kwamba kitu alichokishika kwa mkono wake hakukishika, ataamini nini tena? Kwanza aliacha kubishana na redio. Nikashukuru, nyumba ikatulia. Kisha akaanza kuniuliza kama ameshakula, na sahani tupu iko mbele yake. Usije ukaniambia ni uzee. Nilimpeleka kwa daktari. Daktari alimuuliza maswali yake, siku, mwezi, majina ya vitu, na baba aliyajua yote, ila kabla ya kila jibu alinitazama kwanza mimi, mpaka nimwitikie kwa kichwa. Anakumbuka kila kitu. Haamini tu kwamba anakumbuka. Juzi wale wauguzi walimkuta sokoni wakamtania habari za bandeji, akawaambia hajui, akawaomba radhi.

Shangazi amefurahi. Anasema hatimaye kaka yake amekuwa mtu mpole, na kwamba angezeeka mapema marehemu mama angestarehe.

Wiki iliyopita baba alinijia jikoni, akasimama mlangoni na kofia mkononi kama aliyekuja kuomba kazi. Akauliza, "Mama yenu tulimzika, sivyo?" Nikamwambia ndiyo. "Upande wa kushoto, karibu na ua?" Nikamwambia ndiyo, baba, karibu na ua. Akaniambia asante. Baba yangu ananishukuru kwa kumthibitishia kwamba mkewe amekufa. Nililia nikikatakata vitunguu, na ilikuwa nafuu kwamba kulikuwa na vitunguu.

Sasa nikupe habari ya jana, kisha nikuache upumzike. Tulikuwa tumeketi kibarazani tunakunja nguo. Nikamwambia umepiga simu, na kwamba safari hii umekata tiketi kweli, unakuja mwezi wa kumi na mbili. Nilidhani nitamfurahisha. Alikuwa ameshika shati, akabaki nalo mkononi, ananitazama, anatazama chini. Halafu akauliza kwa haya, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Huyo Naibu. Yupo kweli, au naye nilikosea?"

Jina hilo alikupa mwenyewe, enzi za kukupakata kwenye usukani na kuwaambia watu dereva ni yeye, naibu wake ni wewe. Neno moja lingetosha, kaka. Ndiyo. Lilikuwa limefika mdomoni. Kisha nikaona unavyomalizana nami kwenye simu kila Jumapili, naye ameketi hapo pembeni amenyoosha mkono apewe, na wewe unasema salio linakwisha. Nikaona jeneza la mama na nafasi yako iliyoachwa wazi upande wa kichwani, mpaka fundi akaijaza. Sitasema shetani alinipitia. Nilikasirika, na humo humo ndani ya hasira nilikuwa na furaha. Nikamwambia, "Hapana, baba. Una mimi tu. Huyo ulikosea."

Nilijiweka tayari aangue kilio. Hakulia. Alilikunja lile shati vizuri, mikono nyuma, kola juu, akaliweka juu ya mengine. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Afadhali," akasema. "Maana nilikuwa nimemkasirikia sana."

Akaomba chai. Jana amelala usingizi ambao hajaulala tangu mwezi wa saba.

Basi wewe njoo, karibu sana. Pedi za kweli mwenye duka alinipa mimi siku ileile ya kwanza, zimo kabatini kwangu. Fundi atazifunga, na utakuwa na kitu cha kutembelea kama ulivyotaka. Baba atakupokea vizuri, siku hizi ni mpole kwa wageni, anawaachia kiti chake. Ila usimwambie wewe ni nani. Ukimwambia, atanigeukia mimi kuuliza kama ni kweli, na mimi sijaamua nitajibu nini.

Shangazi anakusalimu na anataka picha nyingine ya koti. Fundi anakusalimu. Mwenye duka anakusalimu zaidi kuliko wote, na anakukumbusha vile viatu mlivyopatana, mguu wake ni namba arobaini na tatu. Salamu za baba hazimo, nisingejua nimwambie anampelekea nani.

Mungu akulinde njiani kwenda na kurudi. Akujalie watoto wenye akili kama yako, na akuzeeshe mikononi mwao.

Ni mimi nikupendaye,
Mtoto wa pekee wa Baba.