Shuka Jeupe Pembeni mwa Picha

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako asiyeishiwa maneno. U hali gani huko? Mgongo umepona? Na yule uliyepanga naye chumba ameacha kukaanga vitunguu alfajiri? Naamini lifti zako zinapanda na kushuka salama, na wewe fundi wake unakula vizuri.

Mimi ni mzima wa mwili, ila situlii. Najua utacheka, maana jina la Kiroboto ulinibandika wewe mwenyewe. Lakini safari hii nimezidi. Barua hii nimeianza, nikainuka, nikafagia chumba kilichokwisha fagiwa, nikarudi, nikainuka tena kuangalia kama mlango nimeufunga. Umefungwa.

Nianze na habari nyepesi. Nimepata kazi ya picha za kalenda. Mchapishaji anataka miti ya msituni, lakini hataki mti mzima. Anataka ile michoro ambayo mti umejichora wenyewe: nyufa za magome, mizizi iliyosukana, madoa ya kuvu yanayozunguka kigogo. Akiona hata kipande cha anga kwenye picha anakunja uso kama kaona nzi kwenye chai.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kuamua nini kibaki nje. Nasogea mpaka gome lijaze picha yote. Nikikosea nusu hatua, ufa uliokuwa unapita kona hadi kona unakatikia katikati, na picha imekufa. Halafu kuna mwanga. Msituni jua linaingia kwa vipande, upande mmoja wa kigogo unang'aa na wa pili ni mweusi tii. Dawa yake ni kitambaa cheupe. Mtu anakishika pembeni, nje kidogo ya picha, kinarudisha mwanga kwenye gome. Natumia lile shuka la kitanda chako, usinune, na anayelishika ni Mama.

Alijileta mwenyewe, alisema amechoka kutazamana na kabati. Ungemwona anavyoamrisha! "Sogea, huo mti unakuonea haya." Tunacheka hadi kamera inatikisika na picha inaharibika.

Kila barua unaomba picha yake, na kila mara nakupa visingizio. Ukweli ni kwamba amekataa katakata. Kwanza nywele hazijasukwa, kisha kitambaa cha kichwani kimechakaa, mwishowe akanikaripia: "Piga miti yako, mimi si mti." Kwa hiyo nyumbani, kwenye kompyuta, kazi yangu ya kwanza ni kukata kingo za picha ili vidole vyake visionekane. Ya pili ni kupandisha mwanga pale gome lilipozama gizani. Ya tatu ni kuondoa rangi, ibaki nyeusi na nyeupe, michoro ijisemee.

Alhamisi mchapishaji akataka picha zile zile kabla hazijaguswa, azilinganishe. Nikazipanga zote kwenye kompyuta kama nilivyozipiga, za mwanzo hadi za juzi. Kaka, nilikaa chini. Za mwanzo, mwanga umejaa gome lote hadi juu. Zinazofuata unafika katikati. Za mwisho umelala mizizini tu, na juu yake ni giza. Wiki zote hizo nilikuwa naupandisha kwa kompyuta huku nikinung'unika juu ya mawingu. Hayakuwa mawingu. Ni mikono ya Mama, haiwezi tena kuliinua shuka.

Nikamuuliza. Alizungukazunguka, akakoroga chai isiyo na sukari, halafu akasema. Ni moyo. Daktari amemwambia umechoka, tena kamwambia zamani, na aliyekuwa anajua ni jirani yetu Mama Vifungo peke yake, mshonaji tunayemsema kila siku kwamba hana siri! Anatumia dawa, lakini daktari hakumwahidi kitu. Akaniapisha nisikwambie mpaka mkataba wako uishe, Desemba, eti usije ukaacha kazi kwa ajili yake.

Tangu siku ile sikai. Naogopa, Kaka, na nina hasira naye, na nikimwona anapanda ngazi mbili akasimama kuvuta pumzi natamani kupiga kelele. Nilijaribu kukuandikia barua ya kalenda tupu na kukutakia heri. Mkono ulikataa.

Nikachapisha zile picha zisizoguswa, nimezifunga humu, namba ziko nyuma. Usihangaike na miti. Tazama kingo. Utaona vidole, kiwiko, ncha ya kiatu, na kwenye mojawapo bega zima na shavu. Hizo ndizo picha za Mama ulizoomba. Ukizifuata kwa namba utaelewa kila kitu bila mimi kuandika zaidi.

Jana alinikuta naziandika hizo namba. Nilijua nimekwisha. Akavuta kiti, akazitazama moja moja, akauliza ni za nani. Nikasema za Kaka. Akaishika ile ya mwisho.

"Huu mti umeuacha gizani."

"Mikono ilichoka, Mama."

Akajisugua kifundo cha mkono, akatazama dirishani. "Basi mwandikie," akasema. "Mwambie aje anipokee hilo shuka."

Baba mdogo seremala anakusalimu, anauliza kama lifti zina bawaba. Shangazi anasema umenenepa, ingawa sijui kaona wapi. Mama Vifungo anakusalimu pia, tumemsamehe. Mungu akulinde njiani, iwe njia ya kazini au ya kurudi huku.

Desemba ni mbali, Kaka. Shuka nimelifua, liko kambani, linakusubiri.

Ni mimi dada yako mdogo, nikupendaye sana,
Kiroboto