Mama Amejaa Skrini Nzima

4 Februari

Kasuku mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Cherehani yake haijambo? Mimi mzima, tena mzima wa kupitiliza. Kaa chini kabla hujaendelea. Umekaa? Kaka yako nimezaliwa na bahati. Nadhani siku ya kugawa walinipa na ya kwako. Nimepanda cheo! Skrini zote za ofisi hii, ghorofa ya chini hadi ya juu, ziko mikononi mwangu. Asubuhi hakuna anayewasha yake kabla mimi sijaipitia. Nimepewa na kiti cha kuzunguka. Nikichoka kutazama huku, nageukia kule.

Sasa sikiliza. Video ya mama imefika, asante, nimemwona anashona. Ila umenitia aibu. Skrini yangu ni pana, ya kisasa, halafu picha yenyewe imesimama katikati, kushoto mstari mweusi, kulia mstari mweusi, utadhani mama anachungulia dirishani. Wenzangu wanapita wanacheka: "Mbwembwe, kwenu upana haujafika?" Mwambie yule mpiga picha wa kona aijaze skrini yote. Mama wa bosi hachungulii dirishani.

Halafu nimeona kama amepungua kidogo. Au ni macho yangu?

Kaka yako,
Mbwembwe


1 Machi

Kaka Mbwembwe,

Shikamoo. Huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Hongera ya cheo! Nilimsomea mama, akaacha kushona, akataka nirudie pale pa kiti. Sasa mtaa mzima unajua kinazunguka. Mtu akija kupimwa sketi, anaondoka na habari zako, sketi imesahauliwa.

Video nyingine hii hapa. Mpiga picha wa kona anasema kamera yake ni ya zamani, haijui upana, lakini ameivuta kwenye kompyuta mpaka pembeni pamejaa. Mama alipojiona pale dukani alicheka hadi akashika meza. "He! Huyu mama mnene ametoka wapi? Mpelekeeni mwanangu huyu huyu."

Basi ndiye huyo. Kuhusu kupungua usijisumbue, mashavu unayaona mwenyewe.

Dada yako,
Kasuku


19 Julai

Kasuku,

Hujambo. Nimeuliza kwa adabu, na adabu imeishia hapo.

Aprili mmenitumia video, Mei mmenitumia, Juni vilevile. Na mimi kila ikifika naita watu: njooni mwone mama yangu alivyonawiri, njooni mwone matunzo! Kwenye simu nikipiga, "Mzima mwanangu, mzima kabisa." Leo fundi wa kompyuta, mmoja wa vijana walio chini yangu, akasimama nyuma yangu akatazama. Hakucheka. Akaniuliza, "Cherehani ya kwenu mbona gurudumu lake ni yai?"

Nikaangalia. Kweli, gurudumu limelala kama yai. Miezi yote hiyo nilikuwa natazama mashavu tu.

Akanieleza kwamba picha imepigwa nne kwa tatu, halafu ikatandazwa kwa nguvu ijae skrini ya kumi na sita kwa tisa. Kila kitu kimepanuka, urefu umebaki palepale. Akabonyeza mahali. Mistari myeusi ikarudi pembeni, gurudumu likawa duara.

Na mama akawa mifupa ndani ya gauni.

Kasuku, nimemwona mama yangu anakonda mbele ya macho yangu kwa kubonyeza kitu kimoja. Mabega yamechongoka. Ule mkono unaosukuma kitambaa ni kijiti. Nikamwambia fundi arudishe kama mwanzo, halafu nikamwambia asirudishe.

Tangu lini? Nani alipanga? Yule wa kona simlaumu, si ndugu yangu. Wewe ni wa tumbo moja na mimi, ukanikalisha nimshangilie mama mgonjwa kama mjinga aliyeingia sinema bure. Tena ukaniandikia "mashavu unayaona mwenyewe".

Nijibu bila kupamba.

Kaka yako, kwa leo


23 Julai

Kaka,

Shikamoo. Najua huniitikii kwa moyo, lakini itikia.

Ni mapafu. Hospitali walituambia kabla ya barua yako ya cheo. Siku ilipoingia nilikuwa nimeshaanza kukuandikia uje. Nikamsomea mama kwanza yale ya kwako, apate furaha. Nilipofika kwenye kiti, akaninyang'anya simu. "Usimwambie! Akijua ataondoka, na akiondoka kiti atakikalia mwingine. Mwanangu huyu lini amewahi kukalia kitu?"

Halafu akajiona mnene kule dukani, akapata njia. Video zote zile aliagiza yeye. Anamwambia mpiga picha, "Nivute tena kidogo, hapa bado." Lile gauni la maua kila mwezi amelipunguza mwenyewe, kwa cherehani ileile, lisimpwaye ukashtuka. Mimi nilikuwa nashika pindo tu.

Nilikudanganya, sikatai. Wa kuchagua nimkosee nani kati yenu nilikuwa mimi. Nisamehe au usinisamehe, ila njoo. Cherehani haisukumi tena. Amekataza nisikuite mpaka kazi ikuruhusu, kwa hiyo anayekuita ni mimi. Njoo wiki hii. Hicho kiti si kitakungoja?

Dada yako,
Kasuku


24 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo, na mama mpe pole yangu. Nimekusamehe, au nitakusamehe nikifika. Tatizo ni moja tu: kuna mkutano wa wakubwa, wageni wanatoka mbali, na skrini zote zinanitegemea mimi. Mkurugenzi karibu anipigie magoti. Mwishoni mwa mwezi ujao niko hapo, na mizigo ya zawadi, mtaa utafunga maduka. Mwambie mama anywe dawa. Mwambie kiti kinamsalimu.

Kaka yako,
Mbwembwe


11 Agosti

Kaka,

Shikamoo, na pole na kazi.

Mama amefariki juzi asubuhi. Tumemzika jana. Hukupigiwa simu kwa sababu alikataza: "Mkutano uishe kwanza." Alipokuwa bado anaongea aliniuliza kama kile kiti kina mikono ya kuegemea. Sikujua. Nikasema kinayo.

Mpiga picha wa kona alikuja na video ya mwisho, akauliza aivute au aiache. Nimemwambia aiache. Haitajaza skrini yako, utanisamehe.

Mkutano ulikwendaje?

Dada yako,
Kasuku


12 Agosti

Kasuku,

Salamu sina leo.

Nimeifungua video. Kushoto peusi, kulia peusi, na mama katikati, mwembamba, amekaa karibu na gurudumu lililo duara kabisa. Nimemtazama mpaka mwenye meza akafika, akaniambia nisogee, anataka kuanza kazi.

Nilikuwa nimeandika maneno mengi ya kukulaumu, wewe na mama, kwamba mlinifungia mlango mkiwa ndani. Bado yananiuma, sikufichi. Nimeyafuta, kwa sababu umeniuliza swali.

Hakukuwa na mkutano. Wageni hawakuja. Niliogopa kufika mikono mitupu, mama anitazame hivi nilivyo. Kiti kipo kweli, kinazunguka, na kina mikono ya kuegemea. Nakisogeza nikipitisha ufagio.

Cheo sijawahi kupata. Skrini nazifuta vumbi.

Kaka yako