Mzungu wa Bomani na Bibi Skolastika

Biharamulo, Ijumaa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yamekupa nafuu, na mvua ya Bukiriro imenyesha kwa adabu bila kulaza migomba. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umekosa pa kukaa. Sikupigii simu kwa sababu chumba changu na cha jirani vimetengwa kwa mbao tu, na siku hizi sitaki mtu anisikie. Barua hii nitampa kondakta wa basi la Ngara Jumapili asubuhi.

Unamkumbuka Bibi Skolastika, mwenye nyumba wangu, niliyekwambia husali rozari kwa Kirundi na kunikaripia nikiunguza maharage? Sasa wanamwita mchawi.

Lilianza kama mzaha. Kuna kijana anaitwa Faustine, hutembeza wageni kwenye boma la Mjerumani. Wageni walikuwa wakiangalia kuta, wanapiga picha, wanaondoka. Basi akawatungia mzungu wa buti aliyefia humo, ambaye jioni hushuka hadi kwenye mti mkubwa nyuma ya boma kunyweshwa na bibi kizee. Mimi mwalimu wa historia sikuweza kunyamaza. Nilimfuata nikamwambia hakuna mzungu aliyezikwa pale. Akacheka. "Mwalimu, huo ukweli wako hauna wateja."

Tatizo, Mama, ni kwamba Bibi Skolastika kweli huenda pale. Kila akimaliza kuvuna humwaga rubisi, pombe ya ndizi, kidogo chini ya mti ule, akiongea taratibu. Ni guterekera tu, kuwapa wafu wako kinywaji, kama bibi yetu alivyofanya nyuma ya migomba kisha akaenda misa kana kwamba padre hana habari. Kwetu nani angeshtuka? Lakini majirani zetu hapa wengi hawaijui mila hiyo. Walimwona na kibuyu chake, wakaunganisha na hadithi ya Faustine.

Wiki hii mtoto wa jirani alicheza chini ya mti huo, akapata degedege. Ni malaria, hospitali wamemtibu na amepona. Hata hivyo siku ileile mawe yalianza kugonga bati letu. Sokoni mama muuza dagaa, rafiki yangu kabisa, aliweka fungu langu chini niliokote mwenyewe. Naogopa, Mama. Unajua vikongwe wenye macho mekundu hufanywaje huku, na macho ya bibi yameiva kwa moshi wa kuni.

Mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano Jumapili baada ya misa. Alinifuata shuleni. "Lisemwalo lipo, mwalimu," alisema. "Watu wanataka kujua chini ya ule mti kuna nani. Wewe ndiye msomi wa mambo ya kale, utatueleza." Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani nikisema ukweli, mambo yataisha. Nikakimbia nyumbani kumwuliza bibi pale amelala nani.

"Ni babu yangu," akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Wadachi walimleta hapa kutoka Burundi awe nyapara. Watu wa hapa walibeba mawe ya boma, yeye yuko nyuma yao na kiboko. Wengine hawakuinuka. Mimi nilimjua akiwa mzee. Alikuwa ananimenyea viazi."

Wajukuu wa waliopigwa ndio hawahawa watakaokaa mkutanoni, na mwenyekiti mwenyewe hujisifu kwamba babu yake alibeba mawe yale. Nikinyamaza, mzungu wa Faustine anabaki na bibi anabaki mchawi. Nikisema, nawapa sababu ya kweli ya kumchukia. Darasani huwa napiga meza kwamba historia haichagui wa kumpendeza. Sasa nalala chumba cha pili na hiyo historia, na nasikia ikikohoa.

Nilimsihi aje kwako Bukiriro apumzike kidogo. Akakataa.

"Nikikimbia watasema nimekimbia na mzungu wao. Wewe sema, mwana wanje. Kiboko nacho ukiseme. Kama ni kuuawa, niuawe kwa ajili ya babu yangu, siyo kwa mzungu nisiyemjua."

Kisha akaanua kitenge chake cha Pasaka, akaniomba nimpigie pasi.

Nimeamua kusema, Mama. Nitakaa naye benchi moja, nikisimama nisimame nimemshika mkono. Usinikasirikie.

Msalimie Baba, umwambie asome hii akiwa ameketi. Msalimie shangazi wa Kanazi na mumewe katekista, watuombee bila kutaja majina. Wadogo zangu wabusu.

Barua ikikufikia, mkutano utakuwa umekwisha. Kama hadi Jumatatu jioni hamjasikia sauti yangu, mtumeni Kaka Protasi aje. Ila asije peke yake.

Mwanao akupendaye,
Leokadia