Skuli Tuliyomchagulia Salma

Harrow, London

Mama yangu mpenzi,

Asalaam alaykum, na shikamoo. Vipi goti? Kaka Khamis ameniambia kwa simu kuwa sasa unashuka ngazi mwenyewe, nikamshukuru Mungu, ila hakusema kama bado linakuuma ukilala. Sisi hatujambo. Baridi ipo, kazi yangu ya kuwatunza wazee inaendelea, na mkwe wako Ganiyu anafunga mizigo kidogo kidogo, maana kazi yake mpya huko kwao Lagos imeshathibitishwa.

Najua unalosubiri kusikia. Uliniomba, sisi tukihamia Nigeria, Salma aje kwako Unguja asome huko. Nimelifikiria sana, mama. Mtoto atakwenda na wazazi wake. Nisikilize mpaka mwisho.

Likizo iliyopita mimi na Salma tulikwenda Lagos kutafuta skuli. Wifi yangu Sidikat, dada yake Ganiyu, alikuwa ameshatuchagulia moja na kuwatangazia jamaa zake wote. Ya fahari kweli, ina hata bwawa la kuogelea. Mkuu wake alitutembeza akitueleza kuwa pale wanafuata mtaala wa Uingereza mtupu, na mtoto akisikika anasema Kiyoruba anaadhibiwa. Alijivunia hilo. Salma akamuuliza kwa adabu, basi watoto wanasoma wapi habari za nchi yao? Yule bwana akacheka, akasema hayo watayapata nyumbani.

Mimi nyumbani nimejaribu miaka yote. Unamjua mwenyewe kwenye simu: kila neno lako analifahamu, na anakujibu Kiingereza. Nyumba peke yake haitoshi, mama.

Siku ya pili tukaenda nyingine, ndogo, niliyoitafuta mwenyewe. Pale wanafundisha mitaala miwili pamoja, wa Nigeria na wa Uingereza. Hisabati na sayansi ni kama anavyosoma huku; juu yake kuna historia ya Nigeria, Kiyoruba na mitihani ya taifa. Akimaliza anaweza kuomba chuo kikuu cha kule au cha huku. Nilimuuliza mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo, kama mtoto hatalemewa.

"Atalemewa," alisema. "Mwaka wa kwanza wengi wanaotoka London wanalia. Tunabaki nao baada ya masomo mpaka washike njia. Siwezi kukuambia ni rahisi."

Moyo wangu ukatulia palepale. Mtu aliyeniambia ukweli kabla sijamkabidhi mtoto, nitamwamini nikishamkabidhi.

Wifi alinuna. Tulipofika kwake alimpigia Ganiyu simu mbele yangu, akalalamika kuwa mgeni anataka kumfundisha yeye mji wake. Nikaiomba ile simu, nikamwambia bwana wangu: "Salma akilia, mimi ndiye nitakayekaa naye. Niachie nichague."

Akasema sawa. Wifi mpaka leo hajanipigia. Atanizoea.

Salma ana hofu, sikufichi. Anawaacha rafiki zake wote, na tuliporudi alikaa siku kadhaa ananijibu kwa kichwa tu. Juzi tukikunja nguo akaniuliza kama bibi atadhani amemkataa. Nikamwambia hilo akuulize wewe mwenyewe. Basi ameweka sharti: kila likizo ndefu aje kwako, bila mimi, na nisimuharakishe kurudi. Nimekubali.

Nisalimie baba mdogo, na shangazi aliyetulea, mwambie kanga alizonipa nazivaa ndani ya nyumba hata baridi ikizidi. Kaka Khamis na mkewe wape mkono wa heri kwa mtoto mchanga, nimefurahi mno.

Jina la Salma nimeshaliandikisha. Ijumaa atakupigia. Ukiudhika, mama, niudhikie mimi. Yeye mpokee kwa kicheko.

Mwanao akupendaye,
Rukia