Milango ya Chini ya Kabati

Mama,

Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua huanza na anwani, juu upande wa kulia. Yako siijui, kwa hiyo naanza na salamu. Shikamoo, Mama.

Sijalia bado. Watu waliokuja msibani walikuwa wananiangalia usoni wakisubiri, nami nikawa nachukua ndoo na kwenda kuchota maji, hata mapipa yalipokuwa yamejaa. Shangazi alisema, "Huyu mtoto atatuzamisha." Sikukasirika. Nilikuwa sisikii kitu chochote ndani, kama mguu ulioukalia muda mrefu.

Habari za hapa Robanda ni hizi. Tembo wameingia shambani, mahindi ya upande wa choo yamekwisha. Baba amerudi kazini kwenye kambi ya watalii, bado ni mlinzi, anarudi asubuhi. Yule kuku wako mwenye shingo tupu amehamia jikoni kabisa na hakuna anayemfukuza. Ninapika mimi. Ugali wangu una madonge. Baba anakula anamaliza, halafu anasema asante, na hiyo asante ndiyo inayonishinda.

Nilitaka kukueleza habari ya sanduku na kabati, kwa sababu ulianza jambo ukaondoka kabla halijaisha.

Nilitafuta maneno hayo kwenye kamusi ya maktaba ya shule. Kwa mujibu wa kamusi vyote viwili ni vya kuwekea vitu, kimoja kina mfuniko na kingine kina milango. Sikuona kosa lolote. Lakini nyumbani kwetu hayakuwa na maana hiyo tu.

Kabati lilikuwa la Baba. Alilichongesha kwa fundi wa Mugumu kabla sijazaliwa, akalileta juu ya pikapu huku amelikumbatia njia nzima ili vioo visipasuke. Juu uliweka vikombe vya maua vya wageni. Chini, kwenye ile milango miwili ya mbao, hukuweka kitu. Nguo zako zilikaa kwenye sanduku la bati la bluu chini ya kitanda, lile ulilokuja nalo kutoka kwenu Tarime. Wageni wakija, Baba alikuwa akiwatania, "Huyu mke wangu bado yuko stendi, anangoja gari." Wote walicheka, nawe ulicheka. Nilipokuwa mdogo nilidhani stendi ni mahali fulani humu humu ndani, nikawa napatafuta.

Sababu uliniambia siku tuliyokuwa tunafua mablanketi. Bibi, mama yako, alifukuzwa na mume wake wa kwanza akiwa na mtoto mgongoni tu. Nguo zake zote zilikuwa kwenye kabati la mume, na mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Ndiyo maana ulipoolewa alikununulia sanduku, akakuambia, "Mwanamke awe na kitu anachoweza kujitwika mwenyewe." Kabati hakuna anayejitwika. Ukiondoka linabaki, na vilivyomo vinabaki. Kwa hiyo kwako wewe sanduku lilikuwa la njiani, na kabati lilikuwa la nyumba. Baba hakuwahi kukufukuza, hata kwa utani. Lakini ulikuwa umeshafundishwa.

Halafu uliporudi kutoka hospitali mara ya kwanza, Baba akiwa kazini, ulikaa kitandani ukaniambia nilivute lile sanduku. Tulihamisha vyote. Vitenge, blanketi la kijani, ile picha ya Bibi, sweta yangu ya chekechea ambayo sikujua kama unayo. Ulinisahihisha namna ya kukunja. Niliuliza kwa nini tunahamisha. Ulisema, "Nimechoka kuwa tayari."

Niliuliza kama nimwambie Baba. "Usimwambie. Ataona mwenyewe akifungua."

Mama, Baba hafungui kabati. Ulisahau. Wanaume wa hapa huletewa kikombe mkononi, kabati ni la mama mwenye nyumba, hata kama wao ndio waliolilipia. Ulirudi hospitali, ile milango ikabaki imefungwa, na mimi nilibaki nikingoja afungue.

Baada ya mazishi, wanawake wa pande zote mbili walikaa mkekani ili sanduku lifunguliwe. Mama mdogo Bhoke alikuwa ametoka Nyamongo, huko huko kwenu Tarime. Alikuwa ameshasema kwamba atarudi na sanduku la dada yake, na mimi pia, nikasome kule. Anayefungua huwa ni binti wa marehemu. Mama mdogo akaniita. "Binti hakuzaliwa humu, basi leo binti ni wewe, mura." Wakacheka kidogo, mvulana kuitwa binti. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu tukuzike.

Nililivuta. Lilikuja jepesi mno na kila mtu alisikia bati likigonga sakafu. Nilitaka kusema kabla sijainua mfuniko, nikainua bila kusema. Ndani kulikuwa na gazeti la kutandikia na majani makavu ya mwarobaini.

Shangazi alimtazama Mama mdogo. "Mmeshabeba?"

"Tubebe kwa mlango upi? Si ninyi mnaokaa hapa?"

Nilidhani watagombana. Nilitamani wagombane, kwa sababu kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alisema polepole, bila kumwangalia mtu, "Waacheni. Alishatuma vitu vyake kwao. Alikuwa ameshaondoka siku nyingi, mimi nilikuwa sijui tu."

Alikuwa anageuka kutoka nje. Nikaona kwamba akitoka na neno hilo, ataishi nalo.

Nikasema, viko kwenye kabati.

"Ongea kama mtu aliyekula," Mama mdogo akasema.

"Viko kwenye kabati. Aliviweka mwenyewe. Alisema Baba ataona."

Baba alipita katikati ya wanawake, wakakunja miguu kumpisha. Alishika mlango wa chini akavuta, haukufunguka. Akavuta tena. Hakujua kwamba unatakiwa uinuliwe kwanza. Kabati lake mwenyewe, Mama. Nilichuchumaa karibu naye nikamwonyesha, nikauinua, ukafunguka.

Vilikuwa kama tulivyovipanga. Kitenge cha zambarau juu, blanketi la kijani chini, Bibi pembeni anatutazama. Hakugusa kitu.

"Tangu lini?"

Nilimwambia, tangu uliporudi mara ya kwanza.

Alikaa chini sakafuni kabisa. Akanyoosha kidole kwenye kiti chake, kile kilichogusana na kabati. "Na mimi nilikuwa nakunywa chai hapo," akasema.

Mama mdogo alifunga mfuniko wa sanduku kwa mguu, taratibu. Alisema halina kitu cha kurudisha Tarime, na hakuuliza tena habari ya kunichukua. Alichukua kitenge kimoja tu, akakinusa, akakivaa hapo hapo juu ya gauni lake. Vilivyobaki Baba ameomba visiguswe kwanza.

Sasa kila asubuhi akirudi kazini, kabla ya chai, anauinua ule mlango na kuufungua. Nikimkuta anasema anatafuta sukari. Sukari haijawahi kukaa humo. Namwambia iko jikoni, anasema haya, na kesho yake anaitafuta tena.

Januari naingia kidato cha nne na sote wa kidato hicho tutalala bweni. Kila mwanafunzi anakwenda na tranka lake, yaani sanduku la bati. Baba alitaka kuninunulia jipya, nimekataa, nitachukua lako. Nimeshalifuta vumbi, na majani ya mwarobaini nimeyaacha humo humo. Naona Bibi alisema kweli. Mtu anayekwenda njiani anahitaji kitu cha kujitwika.

Lakini nakuahidi jambo moja. Kila likizo nikifika nitatoa vitu vyangu vyote, hata soksi, nivipange kwenye kabati karibu na vyako, na sanduku nilisukume tupu chini ya kitanda. Sitaishi na Baba kama mtu aliye stendi. Na nitakunja kama ulivyonionyesha.

Pengine nitalia nikiwa kule. Nikilia nitakuambia.

Lala sasa, Mama. Hakuna gari unalolingoja.

Mwanao,
Marwa